Mkanda wa Bi Ghanima

Luka Shemweta aliingia uani Jumapili baada ya ibada amekumbatia boksi la viatu, na kabla hajavua koti alikuwa amekwishawaita nusu ya majirani. Ndivyo alivyokuwa, seremala huyu wa karakana ya reli na mwalimu wa kwaya ya Kilutheri. Hakujua kufurahi peke yake.

“Mama Ruthi! Nimepata mikanda ya ile mashine!”

Dorkasi, mkewe, alikuwa jikoni anapepeta mchele. Harusi ya binti yao Ruthi ilikuwa wiki mbili mbele, na kichwani mwake hamkuwa na nafasi ya mikanda.

“Mipya?”

“Mipya nitaitoa wapi? Pale dukani hata kuigusa nilikatazwa. Mwenye duka kaniambia, mikono yako ina gundi, Mwalimu, wewe tazama kwa macho tu. Hii ni ya Badr, mtoto wa Bi Ghanima. Mashine yake imeungua, basi ananitupia mikanda yote kwa bei ya bure. Imejaa nyimbo za Misri, lakini haidhuru. Ukiimba juu yake, za mwanzo zinafutika.”

Mashine ya kunasa sauti ilikuwa mali ya kwaya, iliyoachwa na mchungaji Mzungu aliyehamishwa. Ilikaa kwa Luka kwa sababu kanisani hapakuwa na umeme, na chumbani kwake palikuwa na balbu. Balbu ikitolewa, waya wa mashine ulichomekwa mahali pake, na nyumba nzima ikakaa gizani kwa heshima ya muziki. Nia ya Luka ilikuwa kuinasa harusi ya Ruthi, kisha ampelekee mama yake huko Bumbuli, maana bibi kizee huyo magoti yalikuwa hayamruhusu tena kuteremka Tanga.

Dorkasi alikuwa na shida nyingine, na hiyo haikuwa na mashine ya kuitatua. Ruthi alikuwa anaolewa na Noa, na Noa alikuwa na mashangazi huko Muheza, wengi na wenye midomo. Siku ya kuleta sanduku la biharusi wangekuja wakiimba mpaka mlangoni, waulize kwa nyimbo biharusi ana nani, na upande wa biharusi ungepaswa kujibu. Sasa upande wa Dorkasi ulikuwa Dorkasi. Ndugu zake wote walikuwa milimani, kahawa imeiva, nauli hakuna. Alikwishaiota siku hiyo mara kadhaa: mashangazi wanauliza, naye amesimama mlangoni peke yake na kinywa kikavu.

Aliyemtoa hofu ni Bi Ghanima. Mjane huyo wa Kiarabu, mwenye minazi yake kule Mwera, alikuwa na heshima mtaani Ngamiani kupita wanawake wote. Hakupaza sauti hata siku moja. Alimwambia Dorkasi, “Usiwe na wasiwasi, Mama Ruthi. Sisi ndio tutakuwa watu wako.” Dorkasi aliishikilia kauli hiyo kwa mikono miwili.

Basi Luka akaiweka mashine mezani, akafungua dirisha la uani ili kila mtu afaidi. Vijana wa kwaya walikaa kwenye mkeka. Uweso, fundi cherehani wa jirani, alijiletea kigoda chake mwenyewe.

“Sikilizeni Misri hiyo!” Luka akasema, akabonyeza.

Mashine ikakoroma kidogo. Badala ya Misri zikaja pembe za ng’ombe zinagongwa kwa vijiti, vikaja vigelegele, halafu sauti ya mwanamke mmoja, nene, yenye kujiamini, ikaongoza:

*Akija na sharubu zake, mwana usitishike,*
*izime taa umwone, ni mtoto ataka abebwe!*

Wenzake wakaitikia huku wanakufa kwa kicheko. Uani pale hakucheka mtu. Uweso, aliyekuwa na sharubu kubwa kuliko wote mtaani, alinyanyua mkono akazishika, kana kwamba anahakikisha bado zipo.

Dorkasi alitoka jikoni mbio na ungo mkononi. Alikwisha kualikwa harusi za jirani, akajua pale pale hizo ni nyimbo gani. Ni nyimbo za ndani, zinazoimbwa siku biharusi anaposingwa mwili kwa liwa na manukato, milango imefungwa, na hata mtoto wa kiume anayetambaa hutolewa nje. Akaijua na sauti yenyewe. Mungu wangu, ilikuwa sauti ya Bi Ghanima.

Ubeti wa pili ulikuwa unakuja, nao ulianza kwa jina la mtu. Dorkasi hakujua kitufe kipi kinazima. Akavua khanga ya mabegani, akaitupa juu ya mashine, akailalia. Wimbo ukaendelea kumwimbia tumboni.

“Zima, Baba Ruthi! Zima, utatuua!”

Luka alikuwa ameduwaa. Ilibidi kijana mmoja wa kwaya apande kwenye kiti achomoe waya darini.

“Sauti hiyo naijua,” Uweso akasema polepole.

“Huijui, Uweso.”

“Naijua. Kila mfungo ukikaribia huniambia, fundi, punguza bei kidogo. Kumbe inaweza na haya!” Akaanza kucheka, akacheka mpaka akabeba kigoda chake kwenda kuchekea barazani kwake, na barazani kwake hapakukosa watu.

*

“Nitaufuta,” Luka akasema walipobaki wenyewe. Uso ulikuwa umemshuka. “Sasa hivi. Nitaufuta wote, na wala sitasikia neno.”

“Na mimi nitakwenda kwa Bi Ghanima kabla Uweso hajafika.”

“Utamwambia nini?”

“Sijui. Nitapiga magoti kwanza.”

Luka alichukua pamba kwenye kasha la dawa, akaziba masikio yote mawili, akavuta kiti mbele ya mashine. Kufuta, kwa jinsi alivyoelewa yeye, ni kama kupaka ukuta chokaa: pasipopita brashi, doa linabaki. Kwa hiyo kila mahali ambapo wanawake waliimba lazima mtu aimbe juu yake, bila kupumzika, kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Hakujua kwamba mashine ingefuta hata kama angekaa kimya ananywa uji. Akakohoa, akabonyeza, akaanza na wimbo wa Pasaka.

Kwa Bi Ghanima Dorkasi alikuta nyumba imepinduliwa. Makasha yamefunguliwa, mito imetolewa foronya, na Badr amesimama katikati ya sebule, mwanamume mzima, ameinamisha kichwa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, Mama Ruthi. Karibu, usijali fujo hii. Mwanangu huyu ameuza vitu vyake, akauza na visivyo vyake.”

Dorkasi akapiga magoti pale pale kwenye zulia. “Bibi, mkanda uko kwetu. Hatukujua. Baba Ruthi aliupiga uani, akidhani ni Misri. Na wanaume walikuwapo.”

Bi Ghanima akafumba macho. “Nani?”

“Vijana wa kwaya. Na... Uweso.”

“Lahaula! Uweso? Basi habari imefika Pangani. Hivi tunavyosema hata Ushongo, ng’ambo ya Pangani, washajua.” Akakaa kitako taratibu. Badr alitazama mlango kwa hamu kubwa, lakini hakuthubutu.

“Nisamehe, Bibi. Lakini usihofu, hakuna atakayeusikia tena. Baba Ruthi anaufuta saa hii.”

Bi Ghanima akasimama haraka kuliko umri wake. “Anaufuta?”

“Ndiyo, Bibi. Wote.”

“Mama Ruthi! Aibu nitaimeza, nimeshameza kubwa kuliko hiyo. Mkanda ule ni wa Fakhria! Mwanangu kaolewa Mombasa, katika nyumba ya watu wazima watupu, hakuna wa kucheka naye. Kila msafiri anayekuja ananiletea neno lile lile: mama, niletee nyimbo za siku yangu. Badr huyu alikuwa aende nao wiki ijayo. Na wewe wasema unafutwa?”

Dorkasi hakuaga. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Mama mzima, mke wa mwalimu wa kwaya, alikata mitaa ya Ngamiani Jumapili mchana na gauni la kanisani limepandishwa, akapita mbele ya baraza ya Uweso iliyojaa wanaume, na hakumwona hata mmoja.

“Baba Ruthi, acha! Acha! Usifute!”

Aliyasema hayo tangu uchochoroni. Aliyasema mlangoni. Aliyasema nyuma ya kiti cha mumewe, kwa sauti ya kuita ng’ombe. Luka, masikio yamejaa pamba, alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, sauti imebaki nyuzi, anaimba. Alipomshika bega, aliruka. Mkanda ulikuwa umekwisha, ncha yake inachapa chapa kwenye gurudumu.

“Nimemaliza!” Luka akapiga kelele kwa furaha, kwa vile hakujisikia. “Hata neno moja halikubaki!”

Dorkasi akakaa sakafuni akalia.

*

Bi Ghanima alikuja na buibui lake, na Semeni, mwanamke wa Kibondei aliyekuwa somo, mfundaji wa biharusi wote wa mtaa ule. Bi Ghanima alisimama mlangoni. Hakugomba, afadhali angegomba.

“Mwalimu,” akasema, “tupishe.”

Luka akatoka katika chumba chake mwenyewe, pamba mkononi, akaenda kusimama uani kwenye jua karibu na kuku. Ruthi alimpelekea kiti, akakataa kukikalia.

“Washa, Mama Ruthi. Nataka nitafute kama kimebaki japo kipande. Kikibaki, nitapeleka hicho. Kisipobaki, sijui nitakaaje arusini kwako nikaimba, na moyo wangu uko hivi. Nakwambia kweli.”

Dorkasi alielewa. Bi Ghanima asipokuja, Semeni haji. Semeni asipokuja, mtaa mzima haumo. Safari hii alivitazama vitufe kimoja kimoja, akakumbuka vidole vya Luka, akaurudisha mkanda nyuma, akabonyeza.

Wimbo wa Pasaka ukaanza. Luka alikuwa na besi nzuri akijisikia, lakini na pamba masikioni alikuwa anateleza, anapanda asipotaka, anashuka akidhani anapanda. Semeni alitazama chini. Ukaja wa Krismasi, ukaja wa maziko. Bi Ghanima alikuwa anasikiliza kwa makini, akitega sikio kila kati ya ubeti na ubeti, na kila mahali ni Luka. Hakuacha hata nafasi ya kupitisha sindano.

Halafu sauti ya Luka ikasema, kwa unyonge, “Nyimbo zimeniishia.”

Kikapita kimya kifupi sana, kisha hofu ya kuacha doa ikamsukuma. Akaanza kuimba, kwa tuni ile ile ya Krismasi, mbao za karakanani: mvule, mninga, mkangazi, misumari ya paa na misumari ya dari, gundi imekwisha, haleluya. Akamwimbia kuku aliyeingia ndani atoke. Akaimba kwamba ana kiu na mke wake hayupo.

Mabega ya Semeni yakaanza kucheza. Bi Ghanima akamkanyaga mguu.

Mbao nazo zikaisha. Mkanda bado ulikuwa unazunguka, na sauti iliyokuja sasa ilikuwa nyingine, ya chini, isiyo ya kanisani. Alikuwa anaimba Kishambaa. Dorkasi aliujua wimbo kwa neno la kwanza. Akanyoosha mkono kuzima.

“Acha!” Bi Ghanima akasema. “Huo wimbo gani?”

“Si kitu, Bibi. Wa nyumbani.”

Lakini Kibondei na Kishambaa ni ndugu, na Semeni alikuwa ameshaziba mdomo kwa ncha ya buibui.

“Semeni, asema nini?”

“Asema... Niache kwanza, dada. Niache nipumue.”

“Mama Ruthi, basi sema wewe.”

Dorkasi akaangalia ukuta. “Anasema, nipe mtungi wako niubebe, maji yakimwagika nitasema ilinyesha. Anasema, ukikataa kuja kwangu, nitajenga nyumba katikati ya njia unayopita. Alikuwa ananiimbia nikienda kuchota maji. Alikuwa anajificha nyuma ya uzio wa baba. Sijausikia tangu Ruthi hajazaliwa, Bibi. Nilidhani ameusahau.”

“Na hapo anaposhusha sauti?”

“Hapo ni shingo yangu.”

“Na hapo?”

“Hapo sisemi.”

“Hapo nasema mimi!” Semeni akapiga ukelele, akamwinamia Bi Ghanima sikioni.

Kicheko cha Bi Ghanima kilianzia tumboni. Alijaribu kukizuia kwa mkono, kikamshinda, akaegemea ukuta, akateremka nao mpaka chini, buibui na yote. Semeni alikuwa amelala kwenye mkeka. Dorkasi, machozi ya mwanzo hayajakauka, akajikuta naye anacheka, anacheka kwa aibu na kwa raha ambayo hakuwahi kuionyesha mbele ya mtu. Huko uani Luka alisikia wanawake watatu wanapiga mayowe, akaamini kwamba mambo yameharibika kabisa.

“Nami nikidhani nyie wa kanisani hamna mambo haya!” Bi Ghanima akasema alipopata pumzi.

“Tunayo, Bibi. Ila tunayaimba nyuma ya uzio.”

“Haya. Mwalimu kasikia yangu, mimi nimesikia yake. Aibu tumegawana, kila mtu na fungu lake.” Akajifuta macho. Kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu, akautazama mkanda. “Lakini Fakhria wangu atangoja bure.”

Hapo Dorkasi akasema jambo ambalo asubuhi ile asingethubutu hata kuliwaza.

“Bibi, kilichofutika ni mkanda. Nyimbo mnazo nyinyi. Njooni mnisingie Ruthi, muimbe zote. Nitazinasa mimi mwenyewe, nimeshajua kitufe. Badr angoje, apeleke mkanda huo.”

“Ruthi Mkristo, Mama Ruthi.”

“Ana ngozi ya kusingwa kama Fakhria.”

“Na mchungaji wenu?”

“Mchungaji ni mwanamume, Bibi. Si tutafunga mlango?”

Bi Ghanima akamtazama, kisha akamtazama Semeni. “Wamsikia mwanamke huyu? Naye alikuwa amekaa kimya mtaani miaka yote hii.” Akanyanyuka, akajikung’uta. “Ila huu wa Mwalimu usiuguse. Weka. Tutaimba juu ya Misri ya Badr, imuume kidogo.”

*

Siku ya sanduku ilipofika, Luka aliondolewa nyumbani tangu asubuhi, akakaa barazani kwa Uweso akipewa kahawa na kuchekwa. Maana habari za mkanda wa pili nazo zilikuwa zimetoka, hajulikani kwa mdomo wa nani, ingawa Semeni alikula yamini. Uweso alimwomba amfundishe ule wa mtungi. Luka aliona haya, kisha akamfundisha.

Ndani, milango ilikuwa imefungwa, na mashine imewekwa juu ya kasha la nguo. Ruthi alikaa kwenye mkeka kwa khanga mpya, mwili unang’aa kwa liwa, uso ameuficha, lakini masikio ameyaacha wazi. Bi Ghanima aliimba ubeti wa sharubu, akaimba na zile beti ambazo Dorkasi alizilalia kwa tumbo siku ile, na sasa Dorkasi alizisikia vizuri, akaelewa kwa nini Uweso alihitaji kwenda kuchekea kwake. Kati ya wimbo na wimbo Bi Ghanima aliinamia mashine akasema, “Fakhria, mama, wasikia? Cheka, usiwajali hao,” na wote wakapiga vigelegele kuelekea Mombasa.

Dorkasi hakuualika mtaa mzima. Alikuwa amewaandalia chakula watu wachache, kwa kuogopa. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na uani umejaa, na wengine walikuwa wamekuja na sufuria zao na mwiko wao, hawakuuliza chochote, wakaanza kukuna nazi.

Halafu zikasikika ngoma kutoka uchochoroni. Mashangazi wa Muheza walikuwa wamefika. Walikuwa wengi kweli, na sanduku limebebwa mbele, na waliimba kwa nguvu ya watu waliokaa garini tangu alfajiri wakijitayarisha:

*Hodi hodi wenye nyumba, tumeleta sanduku!*
*Biharusi ana nani? Tumkabidhi nani?*

Walifika mlangoni wakasimama. Wakarudia, kwa kejeli kidogo sasa, maana walikuwa wameambiwa kwamba mama wa biharusi ni mgeni pwani na hana mtu.

*Biharusi ana nani? Tumkabidhi nani?*

Dorkasi alikuwa amepiga goti kando ya mashine. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

*Ana sisi!*

Ilikuwa sauti ya Bi Ghanima, mlango wazi, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima. Ikafuata ya Semeni, ikafuata ya ukumbi, ikafuata ya uani kwenye sufuria, mpaka mashangazi wakarudi hatua nyuma na sanduku lao.

*Ana sisi, ana sisi! Leteni sanduku!*
*Mama yake yu nasi! Leteni sanduku!*

Dorkasi akaiacha mashine izunguke peke yake, akaenda mlangoni, akasimama katikati ya watu wake, akaimba.